Unyenyekevu kama Tendo: Funzo la Uamsho wa Gahini kwa Ufuasi wa Kikristo katika Eneo la Maziwa Makuu

Ikisiri

Katika mahubiri mengi ya eneo la Maziwa Makuu, unyenyekevu hutajwa kama hali ya moyo ambayo Mungu peke yake ndiye awezaye kuipima. Makala hii inaonesha kwamba katika Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda na Kampala nchini Uganda mwishoni mwa miaka ya 1920, unyenyekevu ulizoezwa kama tendo lenye hatua zinazoonekana: kulitaja kosa kwa jina lake, kulipeleka kwa aliyekosewa, kulisema mbele ya mashahidi na kurejesha kilichochukuliwa. Makala inaeleza chimbuko la mazoea hayo, nguvu yake katika kuvuka mipaka ya rangi na cheo, na mahali yaliposhindwa, hasa kuhusu dhambi za kundi na za taasisi. Inahitimisha kwa mapendekezo yanayowahusu watunga sera za malezi ya viongozi wa dini na za upatanisho.

Istilahi za msingi: unyenyekevu, ufuasi, uamsho, maungamo, upatanisho

1.0 Utangulizi

Sensa ya Rwanda ya mwaka 1991 ilionesha kuwa takriban watu tisa kati ya kumi walijitambulisha kuwa Wakristo. Miaka mitatu baadaye, kuanzia Aprili 1994, mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi yaliangamiza mamia ya maelfu ya watu katika muda wa siku mia moja hivi, na katika maeneo mengi waliouawa na waliowaua walikuwa wamebatizwa katika makanisa yale yale. Nchi hiyo hiyo ilikuwa mojawapo ya vitovu vya Uamsho wa Afrika Mashariki, vuguvugu lililofundisha kwa mkazo usio wa kawaida kwamba mwanafunzi wa Kristo hana budi kujishusha, kuungama na kuomba radhi. Swali linalozuka haliwezi kukwepwa: mafundisho hayo ya unyenyekevu yalifanya nini, na hayakufanya nini?

Kuna majibu mawili yaliyozoeleka. La kwanza hudai kwamba uamsho ulikuwa wa juujuu, wa nyimbo na machozi, usiogusa mizizi ya chuki. La pili hudai kwamba waliookoka kweli walikataa kuua, na kwamba walioua hawakuwa wameokoka. Jibu la kwanza linapuuza ushahidi wa maisha yaliyobadilika kwa zaidi ya nusu karne. La pili linamfunga mtafiti mdomo, kwa kuwa kila anayeshindwa huondolewa katika hesabu baada ya kushindwa. Makala hii inafuata njia nyingine. Inayachunguza mazoea yenyewe: yalidai nini kwa mwanafunzi wa Kristo, yalidai kwa nani, na yaliishia wapi.

2.0 Unyenyekevu, Unyonge na Adabu

Ufafanuzi wa dhana unaweza kuanzia katika lugha. Kitenzi cha Kiswahili kunyenyekea hutumika kwa mja mbele ya Mola wake, lakini pia kwa mtumwa mbele ya bwana na kwa mwombaji mbele ya tajiri. Kwa hiyo neno unyenyekevu hubeba maana mbili ambazo msikilizaji asiye makini huzichanganya: kujishusha kwa hiari na kushushwa kwa nguvu. Lugha za jirani huweka mpaka ulio wazi zaidi. Kinyarwanda na Kirundi husema kwicisha bugufi, usemi uliojengwa juu ya neno lenye maana ya ufupi au uchini. Luganda husema okwetoowaza. Katika semi zote mbili kipo kiambishi cha kujirejea, sawa na -ji- katika kujishusha na kujinyenyekeza. Mtenda ndiye mtendwa. Kwa mantiki ya sarufi hiyo, hakuna awezaye kumfanya mwenzake kuwa mnyenyekevu. Anachoweza ni kumdhalilisha.

Tofauti hiyo inaafikiana na Agano Jipya. Neno la Kiyunani tapeinos, ambalo ni shina la neno la unyenyekevu, kwa kawaida lilimwelezea mtu duni, asiye na hadhi, na halikuwa sifa ambayo muungwana angejivunia. Waandishi wa Kikristo waliligeuza kuwa fadhila kwa kumtazama Kristo. Katika sura ya pili ya Waraka kwa Wafilipi, anayeshuka ndiye aliyekuwa juu kuliko wote. Katika sura ya 13 ya Injili ya Yohana, anayeshika beseni na kitambaa ni mwalimu, na mwanafunzi aonaye aibu ni Petro, kwa sababu ngazi aliyoizoea imepinduliwa. Unyenyekevu wa kiinjili, basi, una mwelekeo. Huanzia kwa mwenye cha kupoteza.

Mwelekeo huo unautenga na adabu ya ngazi, ambayo jamii za eneo hili ziliijua vema. Chini ya ubuhake, mfumo wa Rwanda wa kupewa ng'ombe kwa malipo ya utumishi, uliofutwa mwaka 1954, mteja alijishusha mbele ya mlezi wake kwa sababu maisha yake yalitegemea kufanya hivyo. Utawala wa kikoloni uliongeza ngazi nyingine juu ya hiyo, kutoka kwa karani hadi kwa afisa Mzungu. Mhubiri aliyewaambia watu wa chini wajinyenyekeze, bila kuwaambia walio juu neno hilo hilo, alikuwa akiubariki mpangilio uliokuwapo. Jipya katika uamsho lilikuwa kwamba mwito wa kushuka uliwafikia pia wenye vyeo.

3.0 Chimbuko: Gahini na Kampala

Gahini ni kituo cha misheni ya Kianglikana kilicho kando ya Ziwa Muhazi, mashariki mwa Rwanda. Daktari Mwingereza Joe Church alifika hapo mwaka 1928, wakati wa njaa kubwa iliyojulikana kama Rwakayihura. Kazi ilimlemea, nayo matokeo yake ya kiroho yalimvunja moyo. Mnamo Septemba 1929, akiwa Kampala, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mganda mwenye elimu na nafasi katika jamii yake, na wawili hao wakasoma Biblia na kuomba pamoja kwa siku kadhaa. Mkutano huo umehesabiwa na wengi kuwa chemchemi ya uamsho. Kinachostahili kuzingatiwa ni sura yake: mmisionari hakwenda kufundisha. Alikwenda akiwa mhitaji, na Mwafrika akawa mwenzake katika kutafuta.

Nsibambi alibaki Kampala, lakini mdogo wake, Blasio Kigozi, alikwenda Gahini kuwa mwalimu. Huko alifanya kazi karibu na Yosiya Kinuka, msaidizi mkuu wa hospitali, na uhusiano wao haukuwa mwema mwanzoni. Kinuka alipokwenda Kampala mwanzoni mwa miaka ya 1930 akiwa na malalamiko juu ya hali ya Gahini, Nsibambi alimwelekeza aanze kuutazama moyo wake mwenyewe kabla ya kuhesabu makosa ya wengine. Kinuka alirudi akiwa mtu mwingine, na badiliko hilo likaonekana katika utendaji wa hospitali. Kigozi alifariki Januari 1936 akiwa bado kijana, na kifo chake kiliongeza kasi ya uamsho badala ya kuuzima. Kufikia mwisho wa muongo huo, vikundi vya waliookoka, walioitwa Abarokore kwa Kinyarwanda na Balokole kwa Luganda, vilikuwa vimefika Kigezi, Burundi, Kenya na magharibi mwa Tanganyika, na wimbo wao, Tukutendereza Yesu, ukawa alama ya kutambuana mpakani na masokoni.

4.0 Hatua Nne za Kujishusha

Katika ushirika wa Balokole, kujishusha kulikuwa na utaratibu. Ingawa haukuandikwa kama kanuni, unaweza kupangwa katika hatua nne.

Hatua ya kwanza ilikuwa kulitaja kosa kwa jina lake. Kusema kwa jumla kwamba binadamu wote ni wenye dhambi hakukutosha. Aliyeiba dawa alisema ameiba dawa, na aliyemwonea wivu mwenzake alimtaja huyo mwenzake. Ukweli wa jumla haumgharimu mtu kitu. Ukweli mahususi humvua heshima aliyojishonea.

Hatua ya pili ilikuwa kulipeleka kosa kwa aliyekosewa. Msingi wake ulikuwa agizo la Yesu katika sura ya tano ya Mathayo, kwamba aletaye sadaka akikumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache kwanza madhabahuni akapatane naye. Hapa ndipo mipaka ya rangi ilipotikiswa. Wamisionari kadhaa waliwaomba radhi Waafrika kwa hasira, dharau na hisia ya ubora wa rangi. Waafrika nao waliwaomba radhi Wazungu kwa chuki waliyoificha chini ya tabasamu la utumishi. Katika miaka ambayo utaratibu wa kikoloni uliwatenga watu hao mezani na makazini, kitendo cha bwana kumwambia msaidizi wake kwamba amekosa kilikuwa na uzito wa kisiasa hata pale ambapo waliohusika hawakukusudia siasa.

Hatua ya tatu ilikuwa mashahidi. Ushirika ulikutana mara kwa mara, na kila mmoja alitarajiwa kutembea nuruni, usemi uliotokana na Waraka wa Kwanza wa Yohana, yaani kuishi bila kuficha. Kusema mbele ya wengine kulimfunga msemaji kwa neno lake. Kulisawazisha pia sauti, kwa kuwa mwanamke, kijana na asiyejua kusoma waliweza kushuhudia, na hata kumwonya mchungaji.

Hatua ya nne ilikuwa kurejesha. Mfano uliorudiwa ni ule wa Zakayo, ambaye toba yake ilihesabika kwa mali. Watu walirudisha ng'ombe, fedha na vifaa vya waajiri wao. Hatua hii ndiyo iliyowafanya hata wasioamini waone kwamba jambo fulani limetokea, maana machozi huweza kuigizwa, lakini ng'ombe aliyerudi zizini huhesabika.

5.0 Unyenyekevu Usio Ukimya

Pingamizi la mara kwa mara ni kwamba unyenyekevu huzaa raia wanaonyamaza mbele ya dhuluma. Historia ya uamsho haithibitishi hofu hiyo moja kwa moja. Mwanahistoria Derek Peterson, katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu uamsho na uzalendo wa kikabila, ameonesha jinsi maungamo ya hadharani yalivyowaudhi wazee na viongozi waliotaka jamii zenye heshima na siri zake. Mwaka 1941, chuo cha theolojia cha Mukono nchini Uganda kiliwafukuza wanafunzi zaidi ya 20, akiwamo William Nagenda, kwa sababu ya kukataa kuacha mikutano na mahubiri yao. Nchini Kenya, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa mwaka 1952, wengi wa ndugu wa uamsho walikataa kiapo cha Mau Mau, na wengi wao wakakataa pia kushika bunduki za serikali. Baadhi walilipa kwa maisha yao.

Mfano ulio dhahiri zaidi ni wa Uganda chini ya Idi Amin. Mnamo Februari 1977, maaskofu wa Kanisa la Uganda, wakiongozwa na Askofu Mkuu Janani Luwum, walimwandikia rais barua ya kulalamikia mauaji na uonevu. Luwum, aliyeokoka katika uamsho, aliuawa mwezi huo huo. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi alivuka milima kwa miguu pamoja na mkewe hadi Rwanda, kisha akatoa kitabu ambacho jina lake, I Love Idi Amin, liliwashangaza wengi. Barua na kitabu hicho havipingani. Barua ilimwambia mtawala ukweli. Kitabu kilikataa kumfanya mtawala huyo kipimo cha moyo wa aliyedhulumiwa. Aliyezoea kuitaja dhambi yake mwenyewe bila kuipamba hupata ujasiri wa kuitaja ya mkubwa bila kuitia chumvi.

6.0 Mahali Mazoea Yaliposhindwa

Pamoja na nguvu hiyo, mazoea ya uamsho yalikuwa na mipaka miwili mikubwa.

Mpaka wa kwanza ulikuwa kiburi cha kujishusha. Kila alama ya unyenyekevu huweza kugeuka kuwa cheo. Aliyeungama kwa ufasaha alisifiwa, na aliyekawia alitiliwa shaka. Nchini Uganda, mnamo miaka ya 1960 na 1970, kundi la Abazukufu, yaani walioamka tena, liliwashutumu ndugu wengine kwamba wamelala, na mabishano juu ya mambo kama kukopa fedha yaligawa ushirika na hata familia. Chombo kilichobuniwa kuvunja ngazi kikajenga ngazi mpya, ya walioamka na waliolala. Mfano wa Farisayo na mtoza ushuru katika sura ya 18 ya Luka unawahusu kwanza watu wa namna hiyo: hata maombi ya shukrani huweza kuwa kioo cha kujitazama.

Mpaka wa pili ulikuwa na madhara makubwa zaidi. Maungamo ya uamsho yalihusu zaidi dhambi za mtu binafsi: wizi, uzinzi, ulevi, wivu, hasira. Chuki ya kikabila iliungamwa pia, na ndugu wa Kihutu na wa Kitutsi waliombana radhi kwa dhati. Lakini waliiungama kama hisia ya moyo. Hakukuwa na njia ya kuungama orodha ya shule iliyopendelea upande mmoja, kitambulisho cha kabila kilichoanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930 na kuendelea kutumika hadi 1994, au urafiki wa maaskofu na chama tawala. Mambo hayo hayakuwa dhambi ya mtu yeyote, na kwa hiyo hayakuletwa nuruni na mtu yeyote. Mtu aliweza kutoka katika ushirika akiwa amepatana na jirani yake kwa moyo wote, kisha kesho yake akaitumikia ofisi iliyomtenga jirani huyo huyo.

Mnamo 1994 wako waliookoka waliowaficha wenzao na kufa nao. Ushuhuda wao ni wa kweli na hauhitaji kupunguzwa. Hata hivyo, taasisi zao kwa jumla hazikuwa na lugha ya kujishusha, kwa kuwa hazikuwa zimeizoea wakati wa amani.

7.0 Baada ya 1994: Nani Anayeungama?

Matukio ya baadaye yanaonesha kwamba swali la nani anayeungama bado ni hai. Mahakama za gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002, zikaenea nchini kote mwaka 2005 na kufungwa mwaka 2012, zilishughulikia kesi zinazokaribia milioni mbili. Ziliitumia hatua ya kwanza na ya tatu ya utaratibu ulioelezwa hapo juu, yaani kulitaja kosa na kulisema mbele ya mashahidi, na kwa makosa ya mali zilidai kurejesha. Kwa kuwa sheria ilimpunguzia adhabu aliyekiri, haikuwa rahisi kujua ni maungamo gani yaliyotoka katika toba na yapi yaliyotoka katika hesabu. Serikali haina budi kuendesha haki kwa njia hiyo. Kanisa linapoiga njia hiyo hupoteza hiari, ambayo ndiyo kiini cha kujishusha.

Desemba 1996, Wakristo wa Kihutu, wa Kitutsi na wa nchi za Magharibi walikutana Detmold, Ujerumani, wakatoa tamko ambalo ndani yake kila kundi liliungama makosa ya upande wake na kuomba radhi, bila kuyahesabu ya wengine. Inaweza kuulizwa kwa haki kama mtu asiyeua anaweza kuungama kwa niaba ya kundi, na kama usawa wa maungamo hauwezi kuficha tofauti ya uzito wa makosa. Hata hivyo, tamko hilo lilijaribu jambo ambalo ushirika wa zamani haukuwa nalo: lugha ya kuungama kwa wingi.

Mwezi Novemba 2016, maaskofu Wakatoliki wa Rwanda waliomba radhi kwa ajili ya waumini walioshiriki mauaji. Serikali ilisema maombi hayo hayakutosha, hasa kwa kuwa yaliwataja watu binafsi pasipo kuigusa taasisi yenyewe. Machi 2017, Papa Francis aliomba msamaha wa Mungu kwa ajili ya dhambi na makosa ya Kanisa na ya watu wake. Umbali kati ya matamko hayo mawili ni wa maneno machache, lakini ndani ya maneno hayo ndimo lilimo suala zima.

8.0 Mapendekezo

Kutokana na uchambuzi huu, mambo manne yanapendekezwa kwa vyuo vya theolojia, mabaraza ya makanisa na washauri wa sera za upatanisho.

Kwanza, mafunzo ya uongozi wa kanisa yapime unyenyekevu kwa matendo. Swali linalofaa kuulizwa juu ya anayetarajiwa kuwekwa wakfu ni kama aliwahi kumwomba radhi mtu aliye chini yake, na kama alirejesha alichochukua.

Pili, kujishusha kuanzie juu. Programu ya upatanisho inayowataka manusura wasamehe kabla wenye madaraka hawajaungama inageuza fadhila kuwa mzigo wa mnyonge. Msamaha wa aliyeumizwa ni zawadi. Hauwezi kuwekwa katika ratiba ya mradi.

Tatu, taasisi zijifunze kuungama kama taasisi. Sinodi inayopitia kila mwaka uajiri wake, mgawanyo wa fedha na namna ilivyowatendea walalamikaji, kisha ikayasema makosa yake mbele ya waumini, inafanya kwa kiwango chake kile ambacho Kinuka alikifanya kwa kiwango cha mtu mmoja.

Nne, istilahi zitumike kwa uangalifu. Katika nyaraka za Kiswahili, kujishusha na kujinyenyekeza kutengwe na kudhalilishwa na kunyongeka, ili mwito wa Injili usitumike kuhalalisha uonevu majumbani, kazini au kanisani.

9.0 Hitimisho

Uamsho wa Gahini uliwaachia Wakristo wa eneo hili urithi wenye thamani: ulionesha kuwa unyenyekevu unaweza kuzoezwa, kushuhudiwa na kurithishwa. Uliwafikia daktari na msaidizi wake, Mzungu na Mwafrika, askofu na mkulima. Haukushindwa kwa kudai mno. Ulishindwa kwa kutodai ofisini kile ulichodai moyoni. Historia hii haitoi ruhusa ya kuyatupa mazoea ya wazee hao. Inadai yafikishwe pale ambapo hayakufika, kwenye meza za vikao, orodha za ajira na vitabu vya hesabu, ambako kosa la wengi hubaki bila mwenyewe mpaka atokee mmoja wa kusema kwamba nalo ni lake.